Makala imerudishwa na kituo kwa sababu ya rangi: limita peke yake haitoshi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninahariri video hapa Mwanza. Nimemaliza makala ya dakika 24 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, nikaipeleka kwenye kituo cha televisheni kilichoiagiza. Ikarudi na ripoti ya ukaguzi: ung'avu unafika asilimia 109 kwenye picha za usiku zenye taa, bluu inashuka hadi −14 kwenye picha za mchana mtumbwini, na maandishi ya chini yanagonga 105. Nikaweka limita, efekti inayokata kilichozidi kiwango, juu ya taimulaini nzima, nikatoa faili upya. Picha zimepita, lakini maandishi bado yamekataliwa, na sasa mtayarishaji analalamika kwamba taa zimekuwa madoa meupe na jaketi okozi zinaonekana kama zimepakwa rangi ya maji. Kwenye simu na YouTube kazi ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuandika namba zenyewe, maana wengi huniandikia tu kwamba "rangi imekataa". Namba zako tatu zina vyanzo vitatu tofauti. Moja imetoka kwenye kamera, moja kwenye mkono wako wakati wa kurekebisha rangi, na moja kwenye kodeki, yaani njia ya kubana video ndani ya faili. Limita umeikabidhi zote kwa pamoja, nayo haijui habari ya chanzo: kinachozidi mstari inakikata, basi.

Tuanze na mstari wenyewe uko wapi. Katika video ya biti 8 ya kawaida ya televisheni, ambayo namba zake huenda 0 hadi 255, weusi hukaa kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Katika biti 10 ni 64 na 940. Hapo ndipo penye asilimia 0 na asilimia 100 unazoziona kwenye skopu, zile grafu za kupimia picha. Nafasi iliyobaki juu na chini haikuachwa kwa bahati mbaya. Iliachwa ili mawimbi yapate pa kupumulia yanapozidi kidogo, na namba za mwisho kabisa, 0 na 255, zimetengwa kwa ajili ya ishara za usawazishaji ndani ya waya wa SDI, ule unaopitisha video studio. Juu ya msingi huo, vituo vingi hufuata pendekezo la Ulaya liitwalo EBU R 103, au huandika masharti yao yanayofanana nalo: kila moja ya nyekundu, kijani na bluu ibaki kati ya −5 na 105, na kwa muda mrefu ung'avu umepewa −1 hadi 103. Kwa namba za biti 8, hiyo −5 hadi 105 ni kuanzia 5 hadi 246. Mashine ya ukaguzi hairuki kwa pikseli moja iliyopotoka. Kwa mujibu wa pendekezo hilo, inatakiwa kulia pale tu kosa linapozidi asilimia 1 ya eneo la picha. Lakini kabla ya kunisikiliza mimi, omba kituo kikupe karatasi yake ya masharti ya kiufundi. Wako wanaotaka 100 kavu, na mwenye hewa ndiye mwenye amri.

Enzi za analojia ya PAL, mfumo wa zamani wa televisheni, adhabu ilikuwa ya wazi zaidi. Njano iliyokolea kwa asilimia 100, ikishachanganywa na wimbi la rangi, ilifika asilimia 133, na maandishi meupe kupita kiasi yaliweza kuivuruga hata sauti, spika ikanguruma kila jina la mgeni lilipotokea chini ya kioo. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mngurumo huo ukaenda nao. Siku hizi adhabu iko kimya: kifaa cha kituo hukata kilichozidi bila kukuuliza, na hukikata kwa namna yake, si kwa namna ambayo ungechagua wewe.

Sasa 109. Namba hiyo karibu ijitaje yenyewe. Ukichukua 255, ukatoa 16, ukagawanya kwa 219, unapata 1.09. Maana yake kamera imeandika taa mpaka dari ya faili, ikatumia nafasi iliyo juu ya weupe halali. Kamera nyingi za Sony hufanya hivyo katika baadhi ya profaili zake, na si ubovu, kwa sababu ndani ya ile nafasi ya 100 mpaka 109 mara nyingi kuna habari ya kweli: ukingo wa karabai, mwanga unaotawanyika kwenye mvuke, mkono wa mvuvi ulio karibu na taa. Limita yako, kama ilivyowekwa, imekuta vitu hivyo vyote juu ya mstari na kuvibana kuwa weupe mmoja. Hayo ndiyo madoa anayoyalalamikia mtayarishaji, na ana haki.

Dawa ni kuteremsha eneo la mwanga mkali kwenye klipu yenyewe kabla limita haijaiona. Katika Lumetri, chombo cha rangi cha programu ya Premiere, tumia kurva, ule mstari wa kupandisha na kushusha mwanga: shika ncha ya juu uishushe, halafu weka nukta karibu na 70 ili uso wa mtu na maji visifuate. Katika DaVinci Resolve kurva zina ukataji laini wa ncha ya juu, ambao hukunja mwanga polepole badala ya kuukata kwa kisu. Angalia mpangilio wa efekti pia. Efekti za zamani zinazofanya kazi kwa biti 8 hukata kila kilicho juu ya 100 papo hapo, na ukiweka Lumetri baada yake hakuna cha kurudisha. Premiere huweka alama ya 32 kwenye efekti zinazohifadhi nafasi ya juu. Zisizo na alama hiyo zipeleke mwisho au ziache.

Ila kabla hujagusa kurva, fanya uchunguzi mmoja mdogo. Fungua klipu ya usiku kabla ya marekebisho yoyote, uangalie weusi wake kwenye wevufomu, ile grafu ya ung'avu. Kama weusi uko karibu na 0 na weupe kwenye 109, ni hilo nililolieleza. Lakini kama weusi umezama mpaka karibu −7 wakati huohuo weupe umefika 109, hiyo ni habari nyingine kabisa: klipu imerekodiwa kwa masafa kamili, 0 hadi 255, na programu imeisoma kana kwamba ni 16 hadi 235. GoPro, kamera za picha za Canon zinazorekodi H.264 na baadhi ya simu huandika hivyo. Hapo usihangaike na kurva hata kidogo. Katika Resolve bonyeza klipu, ingia kwenye sifa zake, na pale penye "Data Levels" chagua "Full". Kama unatumia programu isiyokupa chaguo hilo, ibadilishe klipu kwanza kwa FFmpeg, programu ya kubadili video kwa amri za kuandika, kichujio cha scale chenye in_range=full:out_range=limited, kisha ndipo uiingize. Ukirekebisha kosa hili kwa macho utafika karibu, halafu klipu ya pili kutoka kamera nyingine itakuwa na weusi tofauti na utaanza upya.

Tuje kwenye −14, ambayo naona ndiyo iliyokuchanganya, na ndiyo inayowachanganya wahariri wengi wazuri. Ninabahatisha kwamba uliangalia wevufomu ya picha za mchana, ukaona kila kitu kati ya 10 na 85, ukaridhika. Wevufomu ya ung'avu haikudanganya. Ilikujibu swali moja tu. Ung'avu ni jumla ya rangi tatu kwa uzito tofauti: katika HD ni asilimia 21 na ushee ya nyekundu, karibu 72 ya kijani na 7 tu ya bluu. Ni kama kupima gunia la dagaa kwenye mzani: uzito utaujua, mchanga uliochanganywa ndani hutauona.

Chukua jaketi okozi la rangi ya chungwa. Tuseme kamera imelirekodi nyekundu 90, kijani 70, bluu 10. Piga hesabu ya uzito nilioutaja, ung'avu unakuja 70. Wewe ukaona picha imepooza, ukapandisha ukolezo wa rangi mara 1.4. Kuongeza ukolezo ni kuisukuma kila rangi mbali zaidi na ung'avu, kwa hiyo nyekundu inapanda hadi 98, kijani inabaki 70, na bluu, iliyokuwa 60 chini ya ung'avu, inasukumwa hadi 84 chini yake. Sabini toa 84: −14. Ung'avu wenyewe bado ni 70 na wevufomu imetulia kama ilivyokuwa. Kwenye faili, rangi hiyo inaandikika bila shida, kwa sababu video haihifadhi nyekundu, kijani na bluu moja kwa moja. Inahifadhi ung'avu na tofauti mbili za rangi, na mchanganyiko wa namba hizo tatu ni mpana kuliko rangi zinazoweza kuwepo. Karibu robo tu ya michanganyiko yote inarudi kuwa rangi ambayo kioo kinaweza kuionyesha. Iliyobaki ni rangi za kwenye karatasi, na jaketi lako lilikuwa limehamia huko.

Kwa nini simu haikulalamika? Simu ikikuta bluu ya −14 inaiandika 0 na kuendelea. Unachopoteza ni mikunjo. Sehemu ya jaketi yenye bluu −14, yenye −9 na yenye −3 zote zinakuwa 0, na tofauti iliyokuwa inaonyesha kitambaa imefutika. Kwenye kioo cha inchi sita huoni. Kwenye televisheni ya sebuleni unaona jaketi limekuwa bapa. Limita yako ilipoingia ilifanya jambo lilelile ndani ya faili, ndiyo maana ripoti ikanyamaza na picha ikaharibika.

Kwa hiyo fungua paredi ya RGB, ile inayoonyesha rangi tatu kandokando, na uiache wazi muda wote unaporekebisha. Ukinilazimisha nichague skopu moja tu ya kubaki nayo, ni hiyo. Katika Premiere, kwenye menyu ya skopu kuna alama ya "Clamp Signal". Iondoe. Ikiwa imewashwa, skopu inakata kila kilichovuka kabla ya kukuonyesha, nawe utaapa kwamba faili ni halali huku kituo kikikuonyesha −14.

Kisha lirudie jaketi. Kwa namba za mfano wetu, ukolezo wa 1.16 unaishusha bluu mpaka karibu 0, na 1.25 unaifikisha −5, ukingoni mwa kinachovumiliwa. Ile 1.4 haikuwa na pa kwenda. Lakini huna haja ya kupooza makala nzima kwa ajili ya jaketi. Tumia kurva ya ukolezo kwa aina ya rangi, ile inayoitwa "Hue vs Sat", ushushe eneo la chungwa peke yake, ziwa na ngozi za watu zibaki. Na kama mtayarishaji anataka jaketi "ziwake", usizipandishe zenyewe. Punguza ukolezo wa maji yaliyo nyuma yake na uyasogeze kidogo kuelekea kijani cha baridi. Jicho hupima chungwa kwa jirani yake. Mimi hupata joto zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kitufe cha ukolezo, na paredi hainikemei.

Kuna eneo jingine ulipekue hata kama ripoti haikulitaja: taa za LED mtumbwini usiku. Wavuvi wengi wameacha karabai, na baadhi ya LED hutoa bluu kali ambayo kamera inaishika vibaya. Kwa kuwa bluu ina uzito wa asilimia 7 tu, mwanga wa bluu unaweza kuwa umepita 105 wakati ung'avu wake uko 20, chini kabisa ya wevufomu, mahali ambapo hakuna mtu anayetafuta kosa. Ukiliona hilo kwenye paredi, punguza ukolezo wa bluu eneo hilo na uongeze ung'avu wake kidogo, taa ielekee kwenye weupe. Ndivyo taa inavyoonekana na macho hata hivyo. Tabia hiyohiyo utaikuta kwenye harusi zenye taa za jukwaani, na huko ni mbaya zaidi.

Vivuli navyo ukiviachia ukolezo mkubwa vinazama chini ya sifuri kwa urahisi, maana havina ung'avu wa kubeba rangi. Kurva ya "Luma vs Sat" iliyoshushwa taratibu chini ya asilimia 10 inatibu makala nzima kwa mara moja, na hakuna mtazamaji atakayegundua.

Maandishi sasa, yaliyokataliwa hata baada ya limita. Kuna mambo mawili, na pengine yote yamekupata. La kwanza ni la mpangilio tu: kama limita ipo kwenye tabaka la marekebisho na maandishi yako kwenye traki iliyo juu ya tabaka hilo, limita haijawahi kuyaona. Tabaka lipande juu ya kila kitu, nembo ya kipindi ikiwemo.

La pili hutokea hata ukipanga vizuri. Herufi nyeupe ya 100 iliyosimama juu ya maji meusi ni mruko mkali kutoka chini hadi juu ndani ya pikseli moja au mbili. Kodeki ikibana picha, na programu ikipunguza ukubwa kutoka 4K kwenda HD, mruko huo hauandikwi ulivyo. Unarukia kidogo juu ya mstari kabla ya kutulia, na hapo 100 inakuwa 104 au 105. Hilo linatokea baada ya limita kumaliza kazi yake, wakati wa kutoa faili, kwa hiyo hakuna limita ya kwenye taimulaini itakayolizuia. Rangi nayo ina lake: katika 4:2:2 rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana wa ung'avu, hivyo chungwa la jaketi humwagikia pikseli za maji meusi zilizo jirani, na pikseli nyeusi yenye rangi nyingi ni sawa na namba hasi. Ndiyo maana makosa mengi ya ukaguzi hukaa kwenye kingo.

Yape maandishi nafasi. Weupe wa 90 unatosha kabisa kusomeka, na kwenye kichagua rangi cha kompyuta ni 230, 230, 230. Lainisha ukingo kidogo. Kama kipindi kinatumia njano, usichukue njano tupu ambayo bluu yake ni 0, kwa sababu mtikisiko mdogo tu unaipeleka chini. Ipe bluu 15 au 20.

Hapo niseme jambo moja kuhusu ushauri unaozunguka sana, kwamba grafiki zitengenezwe kwenye Photoshop kwa weusi 16 na weupe 235. Usiufuate. Programu ya kuhariri inazipeleka 0 na 255 za Photoshop kwenye 16 na 235 yenyewe inapoingiza picha. Ukiwa umeshafanya hivyo kwa mkono, inafanyika mara mbili: weupe unakuja 92, ambao haumuumizi mtu, lakini weusi unapanda hadi 6 na mandharinyuma ya kadi yako ya majina inakuwa kijivu iliyochakaa pembeni ya weusi halisi wa usiku wa ziwani.

Ukishamaliza klipu kwa klipu, ndipo limita irudi mahali pake: juu ya traki zote, ikibana ung'avu na RGB kwa pamoja, ikiwa na ubanaji laini wa asilimia 3 hadi 5 kabla ya kukata. Katika Resolve kuna kisanduku cha "Make broadcast safe" kwenye mipangilio ya mradi, chagua 0 hadi 100. Ukikuta limita inakata sehemu kubwa ya picha, rudi kwenye klipu. Ikigusa vimeta vya maji na ncha za taa tu, iache ifanye kazi yake.

Toa faili kwa kodeki wanayoitaka wao, ProRes 422 HQ au XDCAM HD422 ya megabiti 50 kwa kawaida, na ukague faili lililotoka, si taimulaini. Liingize kwenye mradi mtupu, tembea nalo na paredi. Kwa ung'avu unaweza kuiachia kompyuta usiku:

ffmpeg -i makala.mov -vf signalstats,metadata=mode=print:key=lavfi.signalstats.YMAX -f null -

Itakuandikia namba ya juu kabisa ya ung'avu katika kila fremu. Faili likiwa la biti 8, ukiona 245 kwa dakika nzima unajua pa kwenda. Likiwa la biti 10, weupe halali ni 940. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki hakioni jaketi: kinasoma namba za ung'avu kama zilivyoandikwa, hakizirudishi kwenye nyekundu, kijani na bluu.

Kuhusu YouTube, usitengeneze toleo jingine "lililokolea". Faili lilelile la Rec. 709, kiwango cha rangi cha HD, lililopita kwenye kituo ndilo linalosomeka vizuri huko, mradi usilipanue kwenda 0 hadi 255 njiani. Na unapolirudisha kituoni, ambatanisha orodha fupi ya misimbo ya muda pale vimeta vya maji vinapogusa 103 kwa fremu chache. Mkaguzi anayejua kwamba umeviona mara nyingi huvipitisha.